Nani anarithi, nani anaamua: kiti cha Serbia baada ya Dušan

Tarehe 15 Juni 1389, kwenye uwanda wa Kosovo, watawala wawili walikufa siku moja. Mmoja ni Murad I, sultani wa Waosmani. Wa pili ni Lazar, mkuu wa Waserbia. Wote wawili waliacha watoto wa kiume. Kwa Waosmani suala la urithi liliisha haraka: Bayezid alishika usultani, na ndugu yake Yakub akauawa. Kwa Waserbia mrithi alikuwa Stefan, kijana ambaye hajafika umri wa kutawala. Pembeni yake alikuwepo mama yake, shemeji yake, na majirani wenye nguvu, kila mmoja na hesabu zake.

Kama una rafiki Mserbia, iwe Vienna, Chicago au London, huenda umeshasikia habari za Kosovo. Kila mwaka tarehe 28 Juni, ambayo ndiyo 15 Juni ya kalenda ya zamani, wanaikumbuka siku hiyo. Wengi huisimulia kama siku ambayo Serbia ilikufa. Hadithi yenyewe ina kila kitu: shujaa, msaliti, kifo. Ila kuna tatizo moja. Dola ya Serbia iliendelea kuwepo kwa miaka 70 zaidi. Mwisho wake ulikuja tarehe 20 Juni 1459, na siku hiyo hakukuwa na vita vikubwa. Ngome ilikabidhiwa tu.

Sasa, ukitaka kuelewa walifikaje hapo, usianze na mapanga. Anza na swali ambalo kila familia yenye mali inalijua: mzee akifa, nani anarithi? Halafu ongeza la pili, ambalo ndilo zito zaidi: nani ana haki ya kuamua?

Tahadhari kidogo. Humu ndani akina Stefan ni wengi, msichanganyikiwe. Wafalme wa ukoo wa Nemanjić (tamka Nemanyich) walilibeba jina hilo kama sehemu ya cheo, kwa sababu kwa Kigiriki maana yake ni taji. Waliokuja baada yao wakaendelea nalo ili waonekane ni warithi halali. Yaani hata jina lilikuwa hoja.

Kiti kisicho na foleni

Ukoo wa Nemanjić ulitawala kwa takriban miaka 200, mpaka 1371. Katika muda wote huo haikuwa sheria isiyovunjika kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayerithi. Mwanzilishi mwenyewe, Stefan Nemanja, alipoacha kiti mwaka 1196 na kwenda utawani, alimruka mtoto wake mkubwa, Vukan, akamchagua mdogo wake Vukan, ambaye naye ni Stefan. Na huyo mdogo alikuwa na kitu ambacho kaka yake hakuwa nacho: mke wake alikuwa binti wa kaisari wa Bizanti.

Basi watoto wakajifunza kwamba kiti hakina foleni. Mwaka 1276 Dragutin alimpindua baba yake, Mfalme Uroš I (tamka Urosh). Mwaka 1282 Dragutin akaanguka kutoka kwenye farasi, akaumia, akamwachia kiti mdogo wake Milutin. Milutin alitawala mpaka 1321, lakini katikati, mwaka 1314, mtoto wake Stefan aliasi. Milutin alimshinda, akaamuru apofushwe macho, kisha akampeleka uhamishoni Konstantinopoli.

Kwa nini macho? Kwa desturi ya Bizanti, mtu mwenye kilema hakufaa kutawala. Kumpofusha mshindani kulihesabiwa kuwa ni huruma: hujamuua, lakini umemtoa kwenye mchezo. Au ndivyo Milutin alivyodhani. Alipokufa, Stefan alijitokeza na kutangaza kwamba anaona. Waliomuamini walisema ni muujiza wa Mtakatifu Nikolasi. Wengine wakasema aliyetumwa kumpofusha hakuimaliza kazi. Vyovyote vile, alimshinda ndugu yake Konstantin vitani, na Januari 1322 akavikwa taji. Tunamjua kama Stefan Dečanski, kwa ajili ya monasteri ya Dečani aliyoanza kuijenga.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1331, yeye naye akapinduliwa na mtoto wake, Dušan (tamka Dushan). Alifungwa kwenye ngome ya Zvečan, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshakufa. Dušan alikuwa mtoto mdogo alipokwenda uhamishoni pamoja na baba yake. Aliona kwa macho yake mwenyewe gharama ya kushindwa kwenye ugomvi wa urithi, na zamu yake ilipofika, hakusubiri.

Kaisari na mtoto wake

Dušan ndiye aliyeifikisha Serbia kwenye kilele. Alichukua sehemu kubwa ya Makedonia, Albania na kaskazini mwa Ugiriki, na tarehe 16 Aprili 1346, siku ya Pasaka, alivikwa taji la kaisari mjini Skopje. Kaisari huvikwa taji na patriarki, na Serbia haikuwa na patriarki. Kwa hiyo askofu mkuu wa Serbia alipandishwa cheo kwanza. Konstantinopoli haikufurahi hata kidogo, na baadaye kanisa lao lililitenga kanisa la Serbia.

Siku hizo hizo za ukaisari, mtoto wake wa pekee, Uroš, alitangazwa mfalme. Safari hii, angalau, mrithi alijulikana mapema. Hakuna kaka, hakuna maswali.

Dušan akafa ghafla Desemba 1355. Uroš alikuwa kijana asiyefika miaka 20. Baba yake mdogo, Simeon, akajitangaza kaisari kule kusini. Simeon hakufanikiwa kuichukua Serbia yenyewe, lakini alikuwa ameshafungua mlango. Wakuu wa mikoa waliona kwamba kaisari mpya hana meno. Hakuna aliyemtoa kwenye kiti. Walizoea tu kutomsikiliza. Kila mmoja alikuwa na ngome zake, kodi zake na askari wake.

Mwaka 1365 hivi, mmoja wao, Vukašin Mrnjavčević (tamka Vukashin Mrnyavchevich), alipata cheo cha mfalme na kutawala pamoja na Uroš. Uroš hakuwa na mtoto, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba nyumba ya Vukašin ndiyo itakayorithi. Kisha tarehe 26 Septemba 1371, kwenye Mto Maritsa, jeshi la Waosmani lilimuua Vukašin pamoja na ndugu yake Uglješa. Desemba ya mwaka huo huo Uroš naye akafariki. Ndani ya miezi mitatu Serbia ilimpoteza kaisari na mfalme wake, wote wawili.

Kwa karne nyingi watu walisimulia kwamba Vukašin ndiye aliyemuua Uroš ili amnyang'anye kiti. Angalia tarehe tena. Aliyetangulia kufa ni Vukašin. Hadithi ilihitaji muuaji, ikampa kazi hiyo maiti.

Haki za aina tatu

Baada ya 1371 waliobaki walikuwa na madai tofauti, na inafaa tuyaangalie moja moja.

Wa kwanza ni Marko, mtoto wa Vukašin. Alikuwa na cheo: alikuwa tayari ametangazwa mfalme kijana, mrithi rasmi. Lakini ardhi yake ilikuwa ndogo, na alilazimika kumtii sultani na kumlipa kodi. Katika nyimbo za Waserbia huyu Marko ni pandikizi la mtu, mlinzi wa wanyonge dhidi ya Waturuki. Katika historia alikufa tarehe 17 Mei 1395 kwenye vita vya Rovine, akipigana upande wa sultani.

Wa pili ni Tvrtko wa Bosnia. Yeye alikuwa na damu: bibi yake mzaa baba alikuwa binti wa Dragutin, yule aliyeanguka na farasi. Mwaka 1377 alivikwa taji kama mfalme wa Waserbia na Bosnia. Ila ndani ya Serbia kwenyewe, wakuu wengi hawakuwa na haja naye.

Wa tatu ni Lazar. Hakuwa mfalme wala mtoto wa mfalme. Baba yake alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu kwenye ikulu ya Dušan. Lakini alikuwa na migodi ya fedha ya Novo Brdo, na fedha ndiyo inayolipa askari. Alikuwa na kanisa, kwa sababu alisaidia kulipatanisha na Konstantinopoli mwaka 1375. Na alikuwa na Milica (tamka Militsa), mke aliyetoka kwenye tawi la Vukan, yule kaka mkubwa aliyerukwa mwaka 1196. Damu ya Nemanjić iliingia nyumbani kwa Lazar kupitia kwa mke wake.

Cheo, damu na uwezo: katika dola yenye afya hivi vitatu hukaa kwa mtu mmoja. Baada ya 1371 viligawanyika kwa watu watatu, na Waosmani walikuwa mlangoni.

Milica aliyelipa deni

Turudi Kosovo. Lazar amekufa, jeshi limemalizika, Stefan bado mdogo. Aliyetawala ni Milica. Kaskazini, Wahungaria walianza kuvamia mwaka huo huo wa 1389. Kusini yuko Bayezid. Milica hakuwa na jeshi la kupigana pande zote mbili, akachagua: alikubali mamlaka ya sultani, kodi na askari wa kumpelekea. Binti yake mdogo, Olivera, akaozwa kwa Bayezid, mtoto wa mtu ambaye jeshi lake lilimuua baba yake.

Shemeji, Vuk Branković, mume wa Mara binti Lazar, hakukubali. Alishikilia msimamo mpaka 1392, kisha naye akasalimu amri, na baadaye Bayezid akamnyang'anya ardhi yake na akafia kifungoni. Sasa jiulize: kwa nini nyimbo zinamwita Vuk msaliti wa Kosovo, wakati yeye ndiye aliyekataa kupiga magoti kwa muda mrefu zaidi? Sehemu ya jibu iko kwenye urithi. Nyumba ya Lazar na nyumba ya Branković zilikuja kugombea kiti kimoja, na wanaoandika sifa za mtakatifu Lazar hawakuwa na sababu ya kumsafisha jina mshindani.

Mwaka 1393 Stefan alifika umri, na Milica akawa mtawa kwenye monasteri ya Ljubostinja aliyoijenga. Alimkabidhi mtoto wake nchi nzima, na deni lake likiwa juu yake.

Cheo kutoka nje

Stefan Lazarević alimpigania Bayezid kwa uaminifu: Rovine mwaka 1395, Nicopolis 1396, Ankara 1402. Ankara, Timur alimshinda Bayezid na kumteka. Stefan akapata nafasi. Alipitia Konstantinopoli, na huko akapewa cheo cha despoti, kinachofuata kile cha kaisari. Kisha akakubali kuwa chini ya Sigismund, mfalme wa Hungaria, naye akampa Belgrade. Stefan aliijenga upya na kuifanya makao yake makuu.

Ni mafanikio, na Waserbia wana haki ya kujivunia. Lakini hesabu: cheo kimetoka Konstantinopoli, mji mkuu umetoka Hungaria, na usalama wa kusini unategemea nani anatawala Edirne. Hakuna hata kimoja ambacho mtoto angeweza kukirithi bila kuomba ruhusa.

Waosmani nao, baada ya Ankara, waligombana wao kwa wao kwa zaidi ya miaka 10, watoto wa Bayezid wakipigania kiti. Ungedhani huo ndio wakati wa Waserbia kupumua. Badala yake, Stefan alipigana na mpwa wake Đurađ Branković (tamka Juraj Brankovich), mtoto wa Vuk, mwezi Novemba 1402. Baadaye mdogo wake Stefan, Vuk Lazarević, akadai nusu ya nchi. Alileta askari wa Kiosmani, akaipata. Mwaka 1410, mmoja wa wagombea wa Kiosmani, Musa, akamuua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ila hapa panzi walikuwa pande zote mbili, na waliomaliza ugomvi wao kwanza ndio waliokuja kula. Waosmani walimaliza mwaka 1413. Mmoja alibaki, wengine wote makaburini.

Stefan hakuwa na mtoto. Mwaka 1426 aliwaita wakuu na kumtangaza Đurađ kuwa mrithi, mpwa yule yule aliyempiga vita. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ulifanywa mapema. Lakini ilibidi Sigismund akubali, na bei yake ilikuwa Belgrade: Stefan akifa, mji unarudi Hungaria. Stefan alikufa tarehe 19 Julai 1427 akiwa kwenye mawindo. Đurađ akarithi nchi isiyo na mji mkuu. Ngome ya Golubac kwenye Mto Danube nayo ikapotea, kwa sababu kamanda wake alidai dukati 12,000, hakulipwa, akaikabidhi kwa Waosmani.

Macho manne

Đurađ alijenga mji mkuu mpya, Smederevo, kuanzia 1428. Ni ngome kubwa kando ya Danube, na kuta zake bado zimesimama. Watu walifanyishwa kazi kwa nguvu, na lawama zikamwangukia mke wake Mgiriki, Irina. Mpaka leo simulizi zinamwita Jerina aliyelaaniwa.

Naye alifanya kama Milica. Binti yake, Mara, aliozwa kwa Sultani Murad II. Haikutosha. Mwaka 1439 Waosmani waliichukua Smederevo. Watoto wawili wa Đurađ, Grgur na Stefan, walikuwa mikononi mwa sultani, na mwaka 1441, kwa kushukiwa kuwasiliana na baba yao, walipofushwa. Dada yao alikuwa mke wa aliyetoa amri hiyo.

Mwaka 1444, kwa mkataba, Đurađ alirudishiwa nchi na watoto wake. Alitawala mpaka alipofariki mzee sana, Desemba 1456. Kwa sababu wakubwa wawili walikuwa vipofu, kiti kilikwenda kwa mdogo, Lazar. Tazama ni nani aliyechagua: Murad, kwa kuyatoa macho manne, alishaamua miaka 15 kabla nani atamrithi Đurađ.

Lazar hakuelewana na mama yake wala ndugu zake. Irina alifariki Mei 1457, na mara tu baada ya hapo Mara na Grgur wakakimbilia kwa Sultani Mehmed II. Januari 1458 Lazar akafa, akiacha mabinti watatu na hakuna mtoto wa kiume.

Walioshika nchi sasa walikuwa watatu: mjane wake Helena, Stefan kipofu, na mkuu mmoja aitwaye Mihailo Anđelović. Mihailo alikuwa na ndugu aliyekuwa waziri mkuu wa sultani, Mahmud Pasha. Mwezi Machi 1458 Mihailo aliingiza askari wa Kiosmani Smederevo. Wenyeji wakawashinda, naye akakamatwa. Stefan kipofu akawa despoti. Mwaka 1321 ilibidi mtu athibitishe kwamba anaona ndipo apewe kiti. Mwaka 1458 hilo halikuulizwa tena. Hakukuwa na mwingine.

Hungaria nayo ikaja na mtu wake: Stefan Tomašević, mtoto wa mfalme wa Bosnia, Mkatoliki. Alifika Smederevo Machi 1459, tarehe 1 Aprili akamwoa binti mkubwa wa Lazar, na siku chache baadaye Stefan kipofu akafukuzwa. Bwana harusi alitawala miezi mitatu tu. Mehmed alipofika Juni, ngome ilikabidhiwa. Stefan Tomašević alirudi Bosnia, akawa mfalme mwaka 1461, na mwaka 1463 Mehmed akaichukua Bosnia na kumkata kichwa.

Siku moja au miaka 70

Sisemi kwamba Serbia ingesalimika kama kila mzee angeacha wosia safi. Waosmani walikuwa na watu wengi zaidi, na hata Konstantinopoli ilianguka mwaka 1453. Ninachosema ni kwamba kila urithi uliokosa makubaliano nyumbani ulimlazimu mtu kutafuta mwamuzi nje, na hakuna mwamuzi aliyekuja bure. Mmoja alitaka askari, mwingine binti, mwingine Belgrade. Mwisho wakabaki waamuzi wawili tu, Buda na Edirne, na mrithi mwenyewe hakuwa na la kusema.

Siku ya Kosovo inabeba uzito wote huu kwa sababu siku moja ni rahisi kuimba. Sisi tuliokulia mbali na kwetu tunaijua hali hiyo: historia hutufikia ikiwa imefupishwa, tarehe moja, shujaa mmoja, msaliti mmoja. Tunaishika kwa sababu ndiyo tuliyopewa, na si vibaya. Lakini ukiishika hivyo tu, unampoteza Milica, aliyeishi na deni la siku ile kwa miaka. Unampoteza Stefan kipofu. Unampoteza Mara, aliyekufa mwaka 1487, miaka 28 baada ya nchi ya baba yake kwisha, akiwa bado anaheshimiwa kwenye utawala wa sultani na mabalozi wakipita kwake kutafuta msaada.

Kwa hiyo ukisimuliwa tena habari za siku moja iliyomaliza kila kitu, ya Waserbia au ya kwetu, uliza swali dogo tu: kesho yake aliamka nani, na alifanya nini?